Mombasa hadi Nairobi: hesabu masaa ya kweli, si ya kwenye tiketi

Mtu akikuuliza Nairobi ni masaa mangapi usimjibu haraka, muulize kwanza anatokea wapi na anashukia wapi. Manake kilomita zenyewe hazina siri, kwa barabara ni kama 485 na kwa hewani ukipiga mstari ulionyooka ni 440 hivi, tofauti ndogo tu sababu barabara yenyewe haizunguki sana, inapanda bara pole pole Mariakani, Voi, Mtito, Emali mpaka Athi River.

Tuanze na basi. Chukua 485 gawa kwa 80, ndo mwisho wa spidi ya gari ya abiria, unapata masaa sita na dakika kidogo. Usifurahi bado. Weka matrela kutoka Changamwe mpaka mzani wa Mariakani, halafu weka Mtito Andei pale katikati ya safari, konda anasema dakika kumi na tano lakini dereva mwenyewe ndo kwanza anaagiza ugali, wewe ushamaliza chai na mayai ya kuchemsha unazunguka gari tu. Kwa hivyo andika 8 mpaka 9, na lori likilala barabarani huko mbele ni Mungu tu ajuae.

Ndege hewani haimalizi saa moja. Hapo ndipo wengi tunadanganyika, mimi mmoja wao, siku hiyo nilitoka Likoni nikijiambia si dakika arobaini na tano tu, nikangoja feri, nikakwama Changamwe nyuma ya kontena, kufika eapoti kaunta ishafungwa na ndege naiona kwa kioo ile pale. Siku hizi nikitoka South Coast kwa gari napita Dongo Kundu, barabara isiyo na feri. Sasa jumlisha hivi: nyumbani hadi Moi, eapoti ya Mombasa, saa nzima, kufika mapema saa moja na nusu, hewani saa moja, kungoja begi nusu saa, JKIA (eapoti ya Nairobi) hadi tauni saa nyengine na jioni hata zaidi. Masaa matano hayo!

Treni ile express ni kama masaa matano na kitu, inayosimama stesheni za njiani inasogea sita. Lakini stesheni iko Miritini, ufike saa moja kabla manake begi zinapangwa chini mbwa azinuse, na ukishuka Syokimau bado hujafika tauni, kuna treni ndogo ya kukupeleka. Piga saba na nusu.

Mimi kukiwa na msiba napanda ndege. Harusi nachukua basi la usiku pale Mwembe Tayari, nalala, alfajiri niko Nairobi, na ndoo yangu ya achari na mahamri ya shangazi hakuna wa kuyapima kilo.