Kutunza kigunduzi cha mkononi cha gesi inayolipuka, hatua kwa hatua

Sifuri kwenye skrini yaweza kuwa hewa safi, na yaweza kuwa sensa, yaani kihisio cha gesi, iliyokufa. Vigunduzi vingi vya mkononi vina shanga mbili ndogo zenye waya wa platinamu, zinazopashwa moto. Gesi huungua kwenye mojawapo, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na kifaa hupima tofauti hiyo. Shanga ikishapata sumu, yaani kemikali zinazoiua, haiunguzi tena, na mara nyingi kifaa hakina namna ya kujua. Ndiyo maana utunzaji wote unazunguka jambo moja: kukionjesha gesi.

Hatua ya 1: Washa kwenye hewa safi
Toka nje, mbali na moshi wa magari, na ukiache kipashe moto hadi kimalize. Kagua betri, nyufa na tarehe ya kalibresheni, yaani lini kifaa kilirekebishwa kisome sawa na gesi ya kipimo kinachojulikana. Ukiweka sifuri palipo na gesi, kifaa kitaikata gesi hiyo katika kila kipimo kinachofuata, nawe hutajua.

Hatua ya 2: Kichujio na pampu
Kichujio chenye vumbi au maji, badilisha. Kama kuna pampu, ziba mdomo wa mpira wa kuvutia hewa kwa kidole. Kifaa kikikaa kimya badala ya kulia, mpira unavuja au pampu imechoka.

Hatua ya 3: Jaribio la gesi, kila siku kabla ya kazi
Tumia mtungi wa gesi ya majaribio ambao haujapita tarehe yake. Mchanganyiko wa kawaida ni methani 2.5% kwenye hewa, yaani nusu (kifaa kitasoma 50%) ya kiwango cha chini cha mlipuko, kile kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka, kikihesabiwa kuwa 5%. Viwango vingine vinahesabu 4.4%, na hapo gesi ileile itasoma takriban 57% badala ya 50%, kwa hiyo soma kitabu cha kifaa kwanza. Subiri namba itulie, kisha hakikisha mlio, taa na mtetemo vyote vimefanya kazi.

Kiberiti cha gesi kiache mfukoni. Najua wengi hukitumia, lakini butani yake ni nzito mno, yaweza kuiharibu sensa, na haikupi namba ya kulinganisha.

Usibadilishe methani kwa propani kiholela pia. Methani ndiyo ngumu zaidi kuungua, hivyo sensa iliyoanza kupata sumu huikosa kwanza huku ikiendelea kuitikia propani vizuri tu. Ukijaribu kwa propani utadhani mambo shwari.

Hatua ya 4: Kalibresheni
Fanya kwa ratiba ya mtengenezaji, jaribio likishindwa, kifaa kikianguka, au kikikutana na gesi nyingi sana. Sifuri kwanza, gesi baadaye. Kikikataa kufika namba ya mtungi, badilisha sensa.

Hatua ya 5: Kiepushe na sumu
Adui mkubwa ni silikoni: vilainishi vya kupuliza, gundi za kuzibia, ving'arishio, hata baadhi ya losheni za mikono. Madini ya risasi na salfa nayo yamo. Futa kwa kitambaa chenye maji tu, wala usikihifadhi sanduku moja na makopo ya kupuliza.

Sensa ya infraredi, inayopima gesi kwa mwanga usioonekana badala ya kuiunguza, haisumbuliwi na sumu hizi, ila haioni haidrojeni kabisa.

Hatua ya 6: Betri
Chaji na ufungue kifaa mahali salama tu, kamwe si penye gesi.

Hatua ya 7: Andika
Kila kalibresheni, andika namba iliyosomwa kabla ya kurekebisha. Kama mtungi ni wa 50 na kifaa kinasoma 48, kisha 44, kisha 39, agiza sensa sasa.

Ukiwa kazini, kumbuka sensa ya shanga inahitaji oksijeni ili iunguze. Namba ikipanda ghafla kisha ikaporomoka, huenda gesi imeifukuza hewa. Ondoka hapo kwanza.