Kuchagua mahali pa kulaza gari la kulala kati ya Dodoma mjini na njia za milimani

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja na mkewe na watoto wawili kutoka Morogoro kwa Toyota Hiace aliyoitoa viti na kuiwekea kitanda, jiko la gesi na keria. Alitaka mahali ambapo angeweza kufika mjini kununua mahitaji na pia kupanda milima bila kuhamisha gari kila siku. Nilimwongoza kwa siku sita, nami naandika hapa utaratibu tuliofuata.

Hatua ya kwanza: chagua mlima kabla ya kambi. Vilima vya Dodoma mjini, kama Mlimwa na mwamba wa Simba, ni vya nusu siku tu. Ukitaka vilima vya Kondoa na michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lala Kondoa au Kolo kwenyewe. Ukitaka Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, lala Katesh. Barabara ya Dodoma hadi Babati ina kilomita 251 na yote ni ya lami, lakini kutoka Babati bado kuna safari ya kuelekea Singida kabla ya kufika Katesh, kwa hiyo anayefikiri atalala Dodoma na kupanda Hanang kesho yake anajitesa. Dodoma itumie kujaza gesi, mafuta na chakula.

Hatua ya pili: angalia mwezi. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kukavu, upepo ni mkali na usiku ni wa baridi.

Hatua ya tatu: kagua udongo na njia ya kutokea. Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu makosa karibu yote niliyoyaona, likiwemo langu, yametokea katika hatua hii.

Mwaka wa kwanza nilipokuwa na gari la namna hii, nililala mwezi Januari kwenye uwanda uliotandaa kama jamvi, kaskazini mwa Dodoma. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu, wala sikuhisi tairi likizama hata kidogo. Usiku mvua ikanyesha kwa muda usiofika saa moja. Kulipokucha tope lilikuwa limeshika kila nilipokanyaga, na gari liliposogea hatua mbili, nafasi yote kati ya tairi na bodi ilijaa, magurudumu ya nyuma yakawa yanateleza bila kusukuma chochote. Tulitoka saa tisa alasiri kwa msaada wa vijana wa kijiji na jozi mbili za maksai. Udongo ule ni ule ambao wenyeji huuita mbuga: mweusi au wa kijivu, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Dalili za mbuga huonekana hata wakati wa kiangazi. Tafuta nyufa zinazoweza kuingiza vidole. Tafuta vichaka vya migunga mifupi yenye vivimbe vyeusi vya sisimizi kwenye miiba, kwani hupenda sana udongo huo. Kisha chimba kina cha kiganja kimoja, kwa sababu upepo huweza kutandaza mchanga juu na kuficha mbuga chini yake. Lowesha konzi ya udongo uliouchimba, uufinyange, uuviringishe uwe kamba nyembamba kama kalamu, kisha uikunje. Ikikubali kuwa pete bila kukatika, ondoka hapo hata kama mandhari ni mazuri na jua linazama. Ikikatika mapema, udongo una mchanga wa kutosha kupitisha maji.

Hata hivyo, mchanga nao una masharti yake. Usilale kamwe ndani ya korongo au kwenye kingo zake za chini. Vilima vya Kondoa vilimomonyoka kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na maji yanayoporomoka kwenye miteremko kama ile hufika korongoni kwa ghafla, pengine mvua ikiwa imenyesha mbali na ulipo. Angalia nyasi na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka: hiyo ndiyo alama ya mafuriko yaliyopita, nawe egesha juu yake kwa nafasi kubwa. Udongo mwekundu wenye kichanga ni mzuri, ila baada ya mvua subiri ukauke kidogo kabla ya kuondoka. Mahali ninapopendelea kuliko pote ni uwanja wa changarawe wa gesti au wa misheni, ambako unalipia kiasi kidogo na kupata choo, maji na mlinzi. Ukienda huko, pima kwanza urefu wa gari pamoja na keria, kwa maana mageti mengi yana boriti juu.

Popote utakapochagua, tembea kwa miguu sehemu ya mwisho ya njia kabla ya kuiingiza gari, na ulielekeze gari upande wa kutokea kabla giza halijaingia. Beba vipande viwili vya mbao ngumu vya futi nne. Nimejaribu minyororo na kamba, na mbao zimenisaidia mara nyingi zaidi.

Hatua ya nne: piga hodi. Ukiwa nje ya uwanja wa kulipia, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ukiwa bado na mwanga wa jua.

Hatua ya tano: sawazisha gari. Laza chupa yenye maji nusu sakafuni, uweke mbao chini ya matairi mpaka maji yatulie sawa. Elekeza pua ya gari kule upepo unakotoka. Usiegeshe chini ya mbuyu wenye pango bila kuchunguza kama kuna nyuki.

Hatua ya sita: maji. Familia ya watu wanne ilitumia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, bila kufua.

Hatua ya saba: njia ya mlima. Kolo, anzia ofisi ya mambo ya kale upate mwongozaji, na mteremko wa mwisho kuelekea michoro upande kwa miguu. Hanang ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kamilisha kibali na malipo siku moja kabla, upande alfajiri, na kila mtu abebe maji yake yote tangu chini. Wakati wa mvua usilale kwenye mkondo wowote unaoshuka kutoka mlima huo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka hadi Katesh na vijiji jirani na kuua watu wengi. Shemeji alikuja wakati wa kiangazi, lakini bado tulimwomba mzee mmoja wa Katesh atuonyeshe tope lilipopita, kisha tukaegesha upande mwingine wa barabara, mahali palipoinuka.