Katsu ya familia nzima jikoni Kisumu, na ikiwa bado inalia kru

Ukitaka kuwapikia watu sita katsu nyumbani na ikuje mezani kama ile ya mkahawa wa Kijapani, jua kwanza kwamba kazi karibu yote inaisha kabla hujaweka mafuta kwa jiko. Katsu ni kipande cha nyama kilichopakwa unga, kikachovywa kwa yai, kikavikwa chenga za mkate na kukaangwa kwa mafuta mengi, na utamu wake wote uko kwa zile dakika chache baada ya kutoka. Kwa hivyo wali uwe umeiva, kabeji imekatwa, supu iko moto, watoto washanawa mikono, ndio sasa uanze kukaanga. Ukienda kinyume, unakaanga alafu unaanza kutafuta kabeji, utakula mkate uliolowa.

Nyama kwanza. Kule Japani ile maarufu ni ya nguruwe, tonkatsu, na ukiingia mkahawani unachagua rosu, yaani nyama ya mgongo yenye ukanda wa mafuta kando, ama hire, ile laini isiyo na mafuta. Kwa buchari ya nguruwe omba ya mgongo bila mfupa, unene wa kama sentimita 2, na umwambie asitoe yale mafuta. Ukifika nyumbani kata vijichale vinne au vitano pale mafuta yanapokutana na nyama, kwa sababu kuna mshipa hapo ambao ukipata moto unajikunja na kipande kinainuka kama bakuli. Kigonge kidogo, tia chumvi na pilipili manga, basi.

Lakini nyumba nyingi za huku kwetu kuna Wasabato na kuna Waislamu, na hata kama ni shemeji mmoja tu, mheshimu. Usimwambie ati utamkaangia kwa mafuta yaleyale lakini yake kwanza, kabla ya nguruwe. Mimi siku kama hiyo naacha nguruwe kabisa napika kuku, kifua kimepasuliwa kikafunguka kama kitabu na kugongwa hadi sentimita moja na nusu, wote wale sahani moja. Na kwa sababu tuko Kisumu kuna mbuta! Fileti nene ya mbuta, imetolewa ngozi, ikapanguswa maji vizuri, inashika chenga vizuri sana. Wajapani wenyewe samaki wa hivyo huwa wanamwita furai, lakini mkono ni uleule. Ukichanganya kuku na mbuta siku moja, samaki akaangwe mwisho maana anaachia mafuta harufu.

Chenga: nunua mkate mweupe wa gramu 400, ulale siku moja, toa maganda ya kahawia, alafu ukwaruze kwa tundu kubwa za greta. Usisage hadi ziwe unga. Zile za Kijapani, panko, ni kubwa na nyepesi, ndio maana katsu inalia kru bila kunywa mafuta mengi, na zile za pakiti za supamaketi ambazo ni laini kama mchanga hazitakupa hiyo kitu. Zitandaze kwa sinia zikauke kidogo, zisiwe ngumu. Maganda usitupe, yaoke yawe ya kunywa na chai.

Sasa kabeji, na hapa naomba tusikilizane kwa sababu wengi wanaidharau. Inaliwa mbichi, na imekatwa nyembamba kama uzi. Mkahawa wa Rengatei huko Ginza, Tokyo, ndio hutajwa sana kwa kuanzisha katsu ya nguruwe mwaka 1899, na ndio hutajwa pia kwa kuiweka na kabeji mbichi badala ya mboga za moto, na tangu hapo hivi viwili havijaachana. Toa majani, kata ule uti mnene katikati, panga majani matatu manne, yakunje, alafu ukate ukipitisha kisu kukingama na mishipa ya jani ndio iwe laini mdomoni. Ziloweke kwa maji baridi sana dakika kama tano, chuja, kung'uta kabisa. Usitie chumvi kama ya kachumbari, itatoa maji na kulainisha katsu. Tayarisha nyingi kuliko unavyofikiri, kwa sababu mikahawa mingi ya katsu kule kabeji, wali na supu unaongezewa bure, na nyumbani pia watu wataomba tena.

Mchele wa Ahero unatosha kabisa. Wa Kijapani ni mfupi na unashikana, kwa hivyo wetu uoshe, upike na maji tu, bila mafuta bila vitunguu, maji yazidi kidogo yale ya kawaida ndio usitawanyike sana.

Supu yao ni ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, na ukiipata Nairobi sawa, beba. Usipoipata hujapoteza kila kitu, maana chini ya ile supu mara nyingi kuna maji yaliyochemshwa na samaki wadogo waliokaushwa, na hao sisi tunao. Chukua kiganja cha omena kavu safi, nyofoa vichwa ndio isiwe chungu, osha na maji moto mchanga utoke, loweka kwa lita moja ya maji baridi nusu saa, alafu chemsha moto mdogo dakika 10 na uchuje. Tia sosi ya soya kidogo, vitunguu vya majani, mchicha kidogo. Ni nyepesi, inasafisha mdomo katikati ya mafuta.

Sosi ya katsu ni nzito, tamu na chachu. Vijiko vinne vya ketchup, viwili vya Worcestershire, kimoja cha sosi ya soya, kimoja kidogo cha sukari, koroga uonje. Na simsim! Ichukue soko la Kibuye, ikaange kavu mpaka inukie, kisha mpe kila mtoto yake kidogo kwa kinu kidogo asage mwenyewe pale mezani kabla ya kumimina sosi juu. Mikahawa mingi ya Kijapani inafanya hivyo kwa kibakuli chenye mikwaruzo ndani, mgeni anasaga akingoja chakula, na kwa familia yenye watoto wenye njaa hiyo ni msaada mkubwa sana.

Haya, mafuta. Mimina kwa karai kina cha sentimita 3 au 4. Pakaa nyama unga wa ngano, ukung'ute wote uliozidi, yai pande zote, kisha ilaze kwa chenga, mwagia zingine juu na ubonyeze polepole kwa kiganja, usiponde. Rusha chenga moja kwa mafuta: ikizama kidogo na kupanda mara moja na mapovu, uko karibu nyuzi 170. Ikiwa nyeusi upesi, punguza. Vipande viwili kwa mara moja, zaidi ya hapo mafuta yanapoa. Nguruwe dakika 5 au 6, kuku 4 au 5, mbuta 3 au 4, ukigeuza mara moja. Sikiliza: mwanzo mapovu makubwa na kelele, yakishakuwa madogo na sauti imepanda, maji yamepungua, iko karibu. Itoe uisimamishe kwa wavu, isilale kwa karatasi maana upande wa chini utajichemsha na mvuke wake. Ipumzike dakika tatu, iendelee kuiva ndani. Ukikata kuku au nguruwe na katikati bado ni ya waridi, irudishe. Okota chenga zilizobaki kwa mafuta kila mara, zikiungua zinatia uchungu.

Kata vipande vya upana wa vidole viwili kwa kisu kikali, ukishusha moja kwa moja bila kusokota, alafu viegemeze kwa mlima wa kabeji. Mezani hakuna kisu, iwe ni vijiti, uma ama mkono. Sosi weka kwa kipande unachokula sasa tu, na cha kwanza jaribu na chumvi peke yake, mbuta na ndimu. Mtu aliye karibu na jiko ale mwisho, na mwingine ampokee zamu asikose ya moto.

Ikibaki, usiirudishe kwa mafuta. Kesho chemsha kitunguu kwa ile supu ya omena, sosi ya soya na sukari, panga vipande juu, mwagia mayai mawili yaliyopigwa, funika dakika moja, kisha iteremshe yote juu ya wali wa moto.