Adapta ya waifai ya USB haishiki kwenye Ubuntu? Anzia hapa

Wakuu, kama umechomeka adapta ya waifai kwenye laptop ya Ubuntu na haioni mtandao wowote, usikimbilie kuirudisha dukani. Mi nilichukua yangu hapa Dodoma mjini nikahangaika nayo siku nzima kumbe haikuwa mbovu.

Kwanza safisha tundu la USB (vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe) alafu badilisha tundu, ukiona bado fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) andika lsusb, itakuorodheshea vifaa vya USB vilivyochomekwa. Isipotokea kwenye orodha ijaribu kwenye mashine nyingine kabla hujaumiza kichwa.

Ikitokea angalia namba zake, hapa ndo palinichelewesha. Yangu ilisoma 0bda:1a2b, hiyo 0bda ni Realtek (kampuni iliyotengeneza chipu yake), ila 1a2b maana yake adapta imejifanya sidii yenye draiva (programu za kuendeshea kifaa) za Windows, haijawa waifai bado. Nikapiga sudo eject /dev/sr0 kuitoa hiyo sidii ya uongo (kama laptop yako ina sehemu ya sidii cheki kwanza kwa lsblk ipi ni ipi), nikasubiri kidogo, lsusb tena, namba zimebadilika na mitandao ikaanza kutokea.

Ikigoma, rfkill list itakuambia kama waifai imefungwa, unaifungua kwa sudo rfkill unblock wifi. Kama draiva ndo hakuna, chomeka simu kwa waya ushee intaneti kwa USB, alafu sudo apt update na sudo apt upgrade, kerneli (kiini cha Ubuntu) mpya zinakuja na draiva nyingi tu. Bando liwe la kutosha lakini.