Kabla hujalipa ada ya saikolojia ya mahakamani au ya ubongo, uliza nani atakusimamia

Kijana wa bodaboda alikaa mbele yangu kupimwa, kovu limeanzia juu ya sikio la kulia likapotelea kisogoni. Alikuwa na kesi ya kumpiga jirani. Mama yake alisema kabla ya ajali hakuwahi hata kumfokea mdogo wake. Nikamwonyesha picha ya nyumba ya barafu ya watu wa Aktiki. Akaitazama kwa makini, akanijibu, "Hili tanuri la mkate, dada."

Kipimo kile, Boston Naming Test, kilitungwa Marekani, na kwa mwongozo wake jibu hilo ni kosa. Ningekuwa peke yangu ningeandika kwamba uwezo wake wa kutaja vitu umeathirika, na karatasi hiyo ingeingia kwenye jalada la kesi. Aliyeniokoa ni msimamizi wangu. Alisogeza kitabu cha picha pembeni, akamwomba kijana ataje vifaa vya pikipiki yake. Plagi, cheni, kebo ya klachi, sprocketi: alivitaja vyote bila kusita. Kilichokuja kumshinda ni kushika maagizo mawili kwa pamoja, na kujizuia anapochokozwa. Hiyo ndiyo habari ambayo hakimu alihitaji.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wadogo zangu wanaoniuliza "dada, nikasome wapi" huwa wananitajia majina ya vyuo. Mimi nawauliza kwanza: huko uendako, nani atakaa pembeni yako ukiwa na mgonjwa?

Jua kwanza kwamba hizi ni njia mbili. Saikolojia ya mahakamani hushughulika na watuhumiwa, wafungwa, mashahidi na waathirika wa uhalifu: kama mtu ana uwezo wa kufuata kesi yake, kama kuna hatari ya kurudia kosa. Nyuropsaikolojia hupima kumbukumbu, umakini, lugha na maamuzi baada ya ubongo kuumia au kuugua. Hukutana pale ambapo aliyeumia ubongo anasimama kizimbani, lakini leseni za njia hizi ni tofauti, na watu hupoteza miaka kwa kuzichanganya.

Chukua Uingereza, maana wengi ndiko wanakotazama. Tangu 2009 wanasaikolojia watendaji huko husajiliwa na HCPC, baraza la taaluma za afya, na cheo cha mwanasaikolojia wa mahakamani kinalindwa kisheria. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja iliyoidhinishwa na chama chao cha wanasaikolojia, BPS, ni hatua ya kwanza tu. Baada yake kuna hatua ya pili: si chini ya miaka miwili ya kazi chini ya msimamizi, gerezani au hospitali yenye ulinzi, kisha ndipo unasajiliwa. Ukirudi nyumbani na ile ya mwaka mmoja umepata elimu nzuri, ila usijitambulishe mahakamani kwa cheo ambacho hujakifikia. Wakili wa upande wa pili atakuuliza, na atakuwa na haki.

Nyuropsaikolojia huko ni safari ndefu zaidi. Lazima kwanza uwe mwanasaikolojia aliyesajiliwa, hasa wa tiba au wa elimu, na kwa kawaida hiyo ni shahada ya uzamivu ya miaka mitatu. Halafu ndipo unaanza sifa ya nyuropsaikolojia tiba, wanayoiita QiCN. Kozi za uzamili zenye jina la nyuropsaikolojia zipo nyingi na baadhi ni nzuri sana kwa utafiti, lakini hazikupi ruhusa ya kutibu. Soma ukurasa wa kozi mpaka chini, ukitafuta sentensi inayosema inakustahilisha kusajiliwa na nani. Usipoiona, andika barua uulize, na jibu lao lihifadhi.

Nasema hili nikiwa na uchungu nalo. Mwaka wangu wa pili kazini nilituma akiba yangu ya miezi minane kwa chuo kimoja cha mtandaoni kilichoahidi cheti cha saikolojia ya mahakamani. Cheti kilikuja, kina muhuri wa dhahabu. Hakuna bodi iliyokitambua.

Afrika Kusini iko karibu zaidi na hali yetu. Baraza lao la taaluma za afya, HPCSA, lina daraja la usajili la wananyuropsaikolojia, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzamili wa fani hiyo. Mwaka mzima wa mafunzo ya kazini unafuatwa na mtihani wa bodi. Nafasi ni chache na huchujwa kwa usaili, lakini utawaona wagonjwa wanaofanana na wetu: majeruhi wa barabarani, watu wenye VVU, waliosoma darasa chache, wanaozungumza lugha tatu. Kwangu hilo lina uzito kuliko jina la chuo.

Na usiruke nyumbani. Muhimbili, yaani MUHAS, na Chuo Kikuu cha Nairobi wana uzamili wa saikolojia tiba. Ningekushauri uanzie hapo, kisha ujisogeze mwenyewe kwenye fani. Kwa upande wa mahakama kuna hospitali ya akili ya Mirembe na taasisi ya Isanga hapa Dodoma, na hospitali ya Mathari kule Nairobi, ambako watuhumiwa hupelekwa kuchunguzwa akili. Kwa upande wa ubongo, wodi ya majeruhi wa kichwa pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, haikosi vijana wa bodaboda. Kama moyo wako uko kwenye utafiti, tazama Kilifi, pwani ya Kenya: watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust wameunda na kurekebisha vipimo vya watoto kwa lugha za pale pwani, wakiwemo watoto waliopona malaria ya ubongo.

Ufadhili. Chevening, mpango wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Inadai saa 2,800 za kazi, uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba, kwa hiyo barua za wadhamini ziombe Juni. Tazama pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Hati ya tabia njema kutoka polisi itafute mapema, maana huingii gerezani kwa mafunzo bila kuchunguzwa.

Sasa kazi ya wiki hii. Fungua daftari, andika saa zako za kazi: wagonjwa wangapi, vipimo gani, nani alikusimamia, na sahihi yake. Mimi sikuandika miaka miwili ya mwanzo na sikuweza kuithibitisha tena. Kisha mwandikie msimamizi mmoja wa kozi unayoitaka, barua fupi. Mweleze unafanya kazi wapi na umekutana na tatizo gani hasa. Muulize wanafunzi hupata saa ngapi na wagonjwa, na kama mtu wa nje hupewa nafasi ya mafunzo au huachwa ajitafutie. Swali la mwisho ndilo linalotenganisha kozi na kozi.

Ukishasoma, peleka vyeti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe kabla hujaomba kazi. Na huko ulipo, kila kipimo unachofundishwa kifanye pia kwa Kiswahili, hata kwa kumpima Mtanzania mwenzako jikoni. Msomee mfululizo wa tarakimu: nne, saba, mbili, tisa. Karibu zote zina silabi mbili, wakati za Kiingereza nyingi zina moja, na kumbukumbu ya muda mfupi hubeba machache zaidi maneno yanapokuwa marefu. Alama za kule usizilinganishe hivihivi na za mtu wa Kondoa. Andika tofauti unayoiona, na tarehe, kwenye daftari lile lile la saa zako.