Kuandika wasifu wa mzee na kijitabu cha mazishi

Kama mwili unatoka mochwari Ijumaa na mzee anazikwa Jumamosi, kijitabu kinafaa kuwa kwa mpigachapa Jumatano jioni. Hapo aliyepewa kalamu na kamati ya mazishi anabaki na siku tatu au nne, na wengi huzimaliza wakitafuta maneno matamu. Anza na majina.

Keti na mama, yaani mjane wa mzee. Kama hayupo, mtafute ndugu au dada wa marehemu aliye hai. Tumia karatasi moja kwa kila nyumba. Mjaluo aliyeoa wake watatu ana mikayi (mke wa kwanza), nyachira (wa pili) na reru (wa tatu), na kila mmoja ana watoto wake. Ukiwapanga watoto wote pamoja kwa umri umeshaanzisha ugomvi. Andika jina la mke, kisha watoto wake kuanzia kifungua mimba, kisha wakwe. Mtoto aliyefariki haachwi: anabaki kwenye nafasi yake na neno "marehemu" mbele ya jina. Wajukuu wakiwa wengi toa idadi, lakini wahesabu kweli, usikisie. Suala la mtoto aliyezaliwa nje ya boma huamuliwa na wazee wa ukoo, tena mapema, si mbele ya kompyuta ya mpigachapa huku watu wakipiga simu. Wala hili si la adabu tu, maana vijitabu vya mazishi huletwa mahakamani kama ushahidi kwenye kesi za urithi. Kila nyumba isome ukurasa huo na mmoja wao atie sahihi, kisha upige picha.

Tarehe zina shida yake. Wazee wengi wana mwaka wa kukadiria kwenye kitambulisho. Uliza mafuriko ya 1961 yalimkuta akifanya nini: anachunga ng'ombe, yuko shule, au ameoa? Uliza hivyo hivyo kuhusu Uhuru wa Kenya, Desemba 1963, na kuuawa kwa waziri Tom Mboya, Julai 1969. Mkikubaliana mwaka, basi uwe huo huo kwenye kijitabu, kwenye msalaba na kwenye tangazo la redio. Msalaba ukisema 1936 na kijitabu 1938, hakuna atakayesikiliza mahubiri.

Angalia pia majina ya wakati ule. Mzee hawezi kuwa alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 1958. Mtihani huo ulianza 1985. Hakuajiriwa na Kenya Railways mwaka wa 1965 pia. Wakati huo ilikuwa East African Railways and Harbours, na Kenya Railways ilikuja 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Kaunti nazo zimetokana na Katiba ya 2010, kwa hiyo andika "katika kaunti ya sasa ya Siaya". Chini ya hema hakosi mstaafu mmoja wa reli, na atakusahihisha kwa sauti.

Sasa wasifu wenyewe. Mpangilio uliozoeleka unatosha: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na familia, imani, ugonjwa na kifo. Kwenye kipaza sauti mtu husoma kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maneno 700 ni dakika saba. Ukitafsiriwa sentensi kwa sentensi kwa Kiluhya au Kijaluo, zidisha kwa mbili. Punguza elimu na vyeo. Ongeza sehemu ya familia, maana hiyo ndiyo hutoka ikiwa hafifu kuliko zote. "Alikuwa baba na babu mwenye upendo" ni sentensi inayomfaa kila marehemu. Muulize mama mzee alifanya nini akifika nyumbani, kisha andika jibu lake jinsi lilivyo: "Kila mwisho wa mwezi alitoka Nakuru, akashuka Luanda na mkate mmoja na kilo mbili za sukari. Mkate aliukata mwenyewe, na kipande cha kwanza alimpa mama." Muulize na mjukuu mmoja wa miaka kumi hivi. Watoto hukumbuka redio ilikaa wapi na ni nani aliyekatazwa kuigusa.

Ugonjwa usizidi sentensi mbili. Orodha ya hospitali na mashine haimsaidii mtu, na mama ndiye wa kusema ugonjwa utajwe au usitajwe.

Kurasa ziwe 4, 8, 12 au 16, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ukipeleka kumi, mbili zitabaki tupu. Picha zilizopita WhatsApp hupoteza ubora, hivyo waambie watu wazitume kama dokumenti. Picha ya jalada yenye upana wa sentimita 10 inahitaji nukta (pikseli) 1,200 hivi upande huo. Ile ya ukutani itoe kwenye fremu, ilaze karibu na dirisha, ipige kutoka juu bila flashi. Usipokubali kuitoa, kioo kitaonyesha mkono wako na simu. Picha kubwa ya kurasa za katikati isiwe na uso penye mkunjo, maana ndipo pini zinapoingia.

Kabla ya kuchapa nakala zote, lipia nakala moja ya kukagua, iliyochapwa kwenye karatasi. Wape watu wawili waisome, na mmoja wao awe hajui familia hiyo. Kwa idadi ya kuchapa, nakala moja kwa waombolezaji watatu au wanne inatosha.

Msomaji wa wasifu asitumie kijitabu. Mchapie kwenye A4, upande mmoja, herufi za ukubwa wa 16, kurasa ziwe na namba na zibanwe kwenye ubao, kwa sababu upepo wa mchana kando ya ziwa hauna heshima kwa matanga. Mara nyingi husoma kifungua mimba, na mara nyingi sauti hukatika akifika kwenye jina la mama. Mweke ndugu mwingine kando yake na nakala yake, akifuata kwa kidole, aendeleze kutoka mstari ule ule.