Usiseme "Sawa" kwa Askari wa Marekani Anayeomba Kuangalia Buti

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja huku Marekani tangu nitoke Kisumu, na nilikuwa nikijiona mjuzi wa mambo ya polisi hadi jioni moja nilipotiwa seli kwa sababu ya unga wa mwarubaini. Shangazi yangu wa Nyalenda alikuwa ameutia kwenye mfuko wa nailoni, akaupiga mafundo mawili, bila jina wala maandishi yoyote, nami nikausahau ndani ya buti ya gari. Nilisimamishwa kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa imeungua. Askari alipomaliza kukagua leseni na bima, aliniuliza kwa upole, huku akitabasamu, kama angeweza kutupia buti jicho. Nilijibu "sawa" na kubonyeza kitufe kabla hajamaliza kuuliza. Mkono ule ulikuwa umezoea vizuizi vya barabara ya Kisumu hadi Nakuru, ambako dereva hufungua buti mapema ili apishwe aendelee na safari. Kipimo chao cha barabarani kikatoa rangi ya dawa za kulevya, na majibu ya maabara, kwamba yale yalikuwa majani tu, yakaja baada ya wiki tatu.

Wakili wangu hakushughulika sana na unga. Aliniuliza kama nilikuwa nimekubali. Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanamkinga mtu, nyumba yake, karatasi zake na mali yake dhidi ya upekuzi usio na sababu ya haki, lakini kinga hiyo huondoka pindi mwenyewe anaporidhia. Tena Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1973, katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, kwamba askari halazimiki kukueleza kuwa una haki ya kukataa. Narudia, kwa kuwa hapa ndipo niliponaswa: hatakueleza. Ataomba kama jirani anayeomba chumvi, na jibu lako litaandikwa kuwa ridhaa.

Basi sema kwa sauti, kwa Kiingereza chepesi na bila hasira, kwamba hukubali upekuzi. Akiwa na sababu ya msingi ya kushuku uhalifu anaweza kulipekua gari bila hati ya jaji, na akianza usimzuie kwa mkono. Maneno yako yatamfaa wakili baadaye. Ukishapewa tiketi, uliza kama uko huru kuondoka, kwa sababu tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2015 askari hawaruhusiwi kurefusha kizuizi cha barabarani ili tu mbwa wa kunusa aletwe, isipokuwa wawe na jambo mahususi wanalolishuku. Kuipekua simu yako nako huhitaji hati ya jaji, ingawa mpakani na kwenye viwanja vya ndege vya kimataifa sheria ni nyingine.

Nimeona kwamba Wamarekani huvalisha amri nguo ya ombi, na sisi tuliofunzwa kutomkatalia mgeni tunaumia hapo. Kwao, anayekataa kwa adabu haonekani mkorofi. Huonekana mtu anayejua haki zake. Hata haki ya kunyamaza huna budi kuitamka, maana mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilikubali kimya cha mtu aliyehojiwa kabla ya kukamatwa kitumike dhidi yake, kwa kuwa hakusema kwamba anaitumia haki hiyo. Naliona jambo hili kuwa la ajabu, lakini ndiyo sheria yao.

Nyumbani mtego ni neno "karibu". Mama mkwe aliyekuja kulea mjukuu atafungua mlango kwa moyo mweupe, na mtu anayeishi ndani anaweza kutoa ridhaa ambayo wewe usingeitoa. Mwelezeni mapema, kwa heshima, kwamba aliye nje aonyeshe hati dirishani, nanyi mtazame kama imetiwa saini na jaji. Hati ambayo ofisa wa uhamiaji ameitia saini mwenyewe si hati ya jaji.

Jamaa zetu nao watusaidie. Dawa ya kienyeji isiyo na jina isitumwe, hata kama imemponya babu. Shemeji yangu, aliposikia habari zangu, alishauri nitoe kitu kidogo mambo yaishe. Kumbe kumhonga askari huku ni kosa kubwa kuliko mfuko wangu wote wa unga.

Ukikamatwa bila hati, kwa kawaida jaji anapaswa kuthibitisha ndani ya saa 48 kwamba kulikuwa na sababu. Usitarajie saa 24 za Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya Kenya. Omba wakili, kisha unyamaze. Omba ubalozi wetu ujulishwe. Katika kesi ya uhamiaji serikali hailazimiki kukulipia wakili, kwa hiyo mtafute sasa ungali huru, na namba yake uiandike kwenye karatasi ndani ya pochi au, bora zaidi, uikariri, kwa kuwa simu huchukuliwa mlangoni. Mimi nilikuwa na namba moja tu kichwani, ya shangazi, na Nyalenda ilikuwa saa kumi alfajiri.